Gurudumu la Kizibo

"Mjomba, kwani wewe hujachoka na malori?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, wakati huo bado yuko madarasa ya chini. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha uani na begi la shule mgongoni, soksi moja juu, nyingine imeshukia kifundoni. Aliyeulizwa alikuwa ameinamia mlango wa bati uliolingana na ukucha wa kidole gumba, anaupiga msasa kwa ncha ya kidole. Hakuinua uso. Alipuliza vumbi, akaugeuza mlango upande wa pili, akapuliza tena.

"Hebu nipe hicho kipande cha msasa hapo dirishani," akasema. "Kile laini."

Akapewa. Mtoto alingoja kidogo, akaona jibu haliji, akaenda zake kunywa chai.

Lakini swali lilikuwa na haki yake. Huyu ni mtu aliyerudi nyumbani jioni ile akitembea kama anayekanyaga misumari, baada ya kushinda kutwa kwenye geti la yadi ya malori, moshi wa malori puani, honi za malori masikioni. Alivua viatu, akanywa maji, na badala ya kujinyoosha kitandani kama binadamu wengine akapitiliza kibandani kwenda kushika malori mengine, madogo. Hata mtoto wa madarasa ya chini aliona jambo hili haliingii akilini.

Mtaani walimwita Breki. Jina alipewa na madereva wenzake enzi za ujana, kwa sababu kila mteremko aliushuka kwa gia nzito, mguu hauachi breki, na wenzake wakimpita kwa honi na kelele kwamba hata konokono huko nyuma anaomba njia. Breki hakujali. Alifika, na mzigo wake ukafika. Jina likamganda mpaka mkewe naye akawa analitumia anapokuwa hana hasira. Akiwa na hasira alimwita "baba yake nanihii" na kuishia hapo.

Aliendesha malori mpaka kiuno kilipomgomea. Siku moja alikuwa anashuka kutoka kwenye kichwa cha lori, mguu wa kwanza ukagusa chini, wa pili ukabaki juu, na hakukuwa na namna ya kuushusha. Utingo wake alimbeba kama gunia. Daktari akasema usukani basi. Kampuni, sijui kwa kumwonea huruma au kwa kukosa pa kumweka, ikampa kazi ya getini: anyanyue kizuizi, agonge matairi kwa nondo na kusikiliza lipi limepungua upepo, ainame achungulie chini ya matela. Ndiyo, ainame. Aliyeitunga kazi ile hakuwahi kuumwa kiuno.

Na yadi ile ilikuwa na utaratibu wake. Geti halifungwi mpaka lori la mwisho lililotoka asubuhi limerudi. Haijalishi limepasukiwa tairi wapi, limezama kwenye tope gani, dereva wake amesimama kula kwa nani. Watu wa ofisini watafunga madirisha na kuondoka, mafundi watanawa mikono kwa mchanga na sabuni, na Breki atabaki kwenye kiti chake cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, macho barabarani. Vijana waliokwisha kuingia walimtania wakipita.

"Mzee Breki, nenda nyumbani. Hilo la mwisho litajifungulia lenyewe."

"Litajifungulia kama wewe ulivyojifundisha kurudi rivasi," alijibu, na wote wakageuka kuutazama ukuta wa yadi, pale kwenye shimo lililozibwa kwa matofali mapya, wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka kwa shingo upande.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, kutwa yuko barazani na mguu kwenye pedeli. Mteja akiulizia mzee yuko wapi, mama huyu alimwambia yuko kwa mke mkubwa. Kwani ana wawili? Wawili, alisema, mimi na malori, na mimi ndiye niliyekuja nyuma. Watu walicheka na yeye alicheka, ila ukiwa umekaa karibu naye ulisikia kicheko kinakatika mapema, kama uzi mbovu.

Maana malori yale madogo yalikuwa na asili yake, na asili yenyewe haikuwa ya kuchekesha.

Wakati wa safari zake Breki alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Kila aliporudi alimletea lori la bati la kuchezea kutoka duka moja lililokuwa mwisho wa njia, kule walikoshushia mzigo. Mwenye duka hakuwa na aina nyingi. Karibu yote yalikuwa mamoja: kichwa cha kijani, bodi nyekundu, taa mbili za mbele. Breki alinunua hivyo hivyo, akijiambia mtoto akiliona lori ataelewa baba yuko wapi. Alifika, akaliweka mezani, akaoga, akalala usingizi wa pono. Alipoamka mtoto yuko shule, na kabla mtoto hajarudi baba ameitwa kupakia tena. Safari iliyofuata alilikuta lile la kwanza limevunjika, au limepotea, au linanyeshewa uani. Akasema moyoni watoto ndivyo walivyo, akaleta jingine.

Mtoto akakua kama wanavyokua watoto wa wasafiri: kila ukirudi, suruali imekuwa fupi. Alipomaliza shule akasema anataka udereva wa malori. Breki akakataa katakata. Alimwambia kazi ile inamla mtu, inaanzia kiunoni na kumalizia nyumbani kwake. Walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Mwishowe kijana alisimama, begi liko begani tayari, na wala hakupandisha sauti.

"Wewe ulikuwa unaleta malori, baba. Wewe mwenyewe hukuwa unakuja."

Akatoka. Akahamia mji mwingine, akawa utingo, baadaye akapewa usukani. Alipopiga simu alimpigia mama yake. Mama akimwambia baba yako huyu hapa anakusalimu, upande wa pili ulisema, msalimie. Miaka ikaenda hivyo, salamu zikipitia kwa mama kama mzigo wa watu wasiofahamiana.

Basi kiuno kilipogoma, Breki akajikuta ana kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: siku ya mapumziko iliyo nyumbani. Jumapili moja alikuwa anatafuta nyundo kibandani akavuta gunia kutoka nyuma ya mapipa. Ndani mlikuwa na mizoga ya malori. Vichwa bila bodi, bodi bila magurudumu, milango inayoning'inia, kutu tupu. Alikaa chini, akayapanga sakafuni moja moja. Mkewe alipochungulia alidhani kiuno kimemkaza pale pale, akamuuliza amwite nani waje wamnyanyue.

"Niletee siki," Breki akasema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Sasa, kulifufua lori la bati si kazi ya kubahatisha. Vipande vyake havikuchomelewa. Vimeshikana kwa vidole, vile vijilimi vya bati vinavyopenya kwenye tundu na kukunjwa upande wa pili. Ukitaka kulifungua unavinyoosha kimoja kimoja kwa bisibisi nyembamba, umebana pumzi, kwa sababu kidole cha namna hiyo kina mwisho wake: ukikunja, ukinyoosha, ukakunja tena, siku moja kinakuachia mkononi. Vipande vinalazwa kwenye siki mpaka kutu ilegee. Vinasuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Kisha msasa mkavu, msasa wa maji, puti kwenye mabonde na matundu, tena msasa, ndipo rangi ipulizwe, nyepesi mara nyingi badala ya nzito mara moja. Taa za mbele alizitengeneza kwa vichwa vya pini. Vioo alivikata kwenye chupa za maji ya kunywa.

Na alikuwa na sheria moja tu, ambayo hakuna aliyemwekea: lori lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kisichotoka kiwandani kinang'olewa. Kamba, waya, bandeji za gundi, majina yaliyokwaruzwa mlangoni kwa msumari, kila alichoongeza mtu aliyewahi kulimiliki kilikwenda kwenye kopo la mabaki chini ya meza, na kopo likijaa alikuja kulichukua muuza vyuma chakavu.

Muuza vyuma chakavu huyu aliitwa Kutu, na hakuwa mtu wa kuchukua bila kuleta. Alipoona mzee ana ugonjwa wa malori, akawa anamtengea yote aliyoyaokota kwenye mkokoteni wake, na aliokota ya zamani hasa. Kulikuwa na lori la magogo linalojazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Kulikuwa na tangi la mafuta lenye mfuniko wa shaba unaofunguka kweli, na ukimimina maji juu yanatokea kwenye bomba la nyuma. Kulikuwa na gari la zege ambalo pipa lake linazunguka kila magurudumu yanapozunguka, na hakuna aliyejua linafanyaje mpaka Breki alipolifungua na kukuta vigurudumu viwili vya shaba vyenye meno, kimoja kimelala, kimoja kimesimama.

"Haya yametuzidi umri sisi wote," Kutu alisema, "na bado yanatembea vizuri kuliko wewe."

Rafu zikajaa. Majirani walioanza kwa kucheka wakaishia kuleta watoto waje waone. Mpwa naye aliendelea kupita kila akitoka shule, akapanda darasa moja baada ya jingine, soksi zikaacha kushuka. Hakurudia swali lake. Breki mwenyewe ndiye aliyekuwa akilirudia kimoyomoyo, hasa pale getini anapolisubiri lori la mwisho, miguu imejaa viatuni. Alichojua ni kwamba akishika bati lenye kutu mikono inaanza yenyewe.

Kisha ikaja Jumapili ambayo mkewe aliingia kibandani bila kubisha hodi, simu ingali mkononi, inatoa joto. Alisema mkaza mwana wao amejifungua, mtoto wa kiume, wote wazima. Breki akaweka brashi chini, akasema ni jambo jema sana. Mkewe hakuondoka. Alisema kijana ana mzigo wa kupeleka wiki hiyo, njia yake inapita hapa, na atasimama kidogo.

"Na kuna jambo amekuuliza," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Amesema, muulize mzee kama lile lori langu bado lipo. Anataka ampelekee mtoto."

Tangu siku ile ya begi begani, kijana hakuwa amemwomba baba yake hata maji ya kunywa. Breki alisimama kwa haraka mpaka kiuno kikamrudisha kitini. Akauliza ni lori gani, maana alimletea mengi.

"Lile la kizibo," mkewe akasema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na nyumba nzima. Lilimng'oka gurudumu la mbele, akaelezea, na mtoto hakulia. Aliokota kizibo cha soda, akakitoboa, akakipachika mwenyewe kwa msumari. Akatoboa na bampa, akafunga kamba, akawa analivuta kila anakokwenda. Mengine hakuyajali hata kidogo. Lile alilala nalo. "Alikuwa akisema, hili nimelitengeneza mimi, baba akirudi nitamwonyesha."

"Hakunionyesha."

"Alikuwa anangoja uamke."

Mkewe aliangalia pembeni aliposema hivyo.

Breki alikikumbuka kizibo kile. Alikikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Yeye ndiye aliyeking'oa, kwa koleo, siku zile za mwanzo za gunia, na alicheka peke yake akajiuliza nani kaweka uchafu huu. Kikaenda kwenye kopo la mabaki. Tundu la bampa akaliziba kwa puti, akalipiga msasa mpaka kidole hakioni tofauti, akapaka rangi, akaliweka rafuni pamoja na wenzake.

Akainua macho kwenye rafu. Malori matano ya kichwa cha kijani na bodi nyekundu yalikuwa yamesimama mstari mmoja, yanang'aa, yamefanana kama mayai ya kuku mmoja. Baadhi yalitoka kwenye gunia, baadhi aliyaleta Kutu. Yalikuwa ni kazi safi. Hakuna mtu ambaye angeweza kusema lipi ni lipi, hata aliyeyatengeneza mwenyewe.

"Ni lipi?" mkewe akauliza.

Breki alikuwa ameshavaa kofia anatoka.

Alimkuta Kutu amelala juu ya mkokoteni wake kivulini mwa ukuta. Kutu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akashindwa kujizuia. Kizibo cha soda, mzee wangu? Kile kilishaingia tanurini kabla mzee hajaota mvi, kikatoka nondo, na huenda sasa kiko ndani ya nguzo ya nyumba ya mtu. Hata hivyo alimtolea mfuko mzima wa vizibo, akamwambia achague. Breki akaingiza mkono ndani, akautoa mtupu, akamshukuru.

Mkewe naye alikuwa na ushauri wa namna hiyo. Afunge kizibo chochote kwenye lori lolote kati ya yale matano, basi. Kijana alikuwa mdogo wakati ule, atajuaje? Breki alilifikiria jambo hili, na alilifikiria kwa dhati, kutwa nzima getini na jioni yake pia, kwa sababu lori la mwisho lilikuwa limepasukiwa tairi na hakukuwa na kingine cha kufanya. Lilikuwa jambo jepesi, naye alikuwa mtu aliyechoka. Lakini kila alipotaka kulikubali alimwona mtoto amekaa kwenye kizingiti cha chumba, kamba mkononi, anangoja mtu aamke. Mtoto wa namna hiyo atajua.

Jibu la lori lilitokea kwenye yadi ile ile. Kesho yake kampuni ilikuwa inanunua lori lililotumika, na fundi mkuu alikuwa analizunguka na sumaku mkononi, anaipitisha kwenye bodi. Ndivyo wanavyofanya wote. Rangi inaweza kusema uongo, bati haliwezi: mahali palipogongwa pakajazwa puti, sumaku haishiki. Breki alimtazama fundi akizunguka nusu ya lori, na fundi akamuuliza mzee vipi, mbona umesimama na kizuizi juu.

Jioni alifungua redio iliyokufa siku nyingi, akatoa kijisumaku cha ndani ya spika. Aliyashusha malori matano, akayapanga mezani na pua zao zikimtazama. Akapitisha sumaku kwenye bampa la kwanza, polepole, kushoto kwenda kulia. Iling'ang'ania mwanzo hadi mwisho. La pili, vivyo hivyo. La tatu ilimbidi aivute kwa nguvu. La nne, ilipofika katikati, iliteleza ikaanguka mezani.

Akairudisha. Ikaanguka tena pale pale.

Akaliweka lile lori mapajani. Kisha akachukua sindano ya mkewe, ile nene ya kushonea magunia, akaanza kuichokonoa puti yake mwenyewe. Ilikuwa ngumu, aliiweka vizuri. Ilitoka punje kwa punje mpaka tundu likafunguka, na halikuwa tundu la duara. Upande mmoja lilikuwa limelika, limerefuka, pale kamba iliposugua mwaka mzima. Breki aliling'oa na gurudumu la mbele alilolipachika yeye, zuri, la mpira, akaliweka kando. Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kazi ile kulikuwa na lori bovu mezani ambalo amelibomoa yeye.

Kijana alifika alasiri. Lori lake aliliegesha mdomoni mwa mtaa, likaziba nusu ya njia, watoto wakalizunguka na kuanza kubishana lina magurudumu mangapi. Breki aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku hiyo alimwona tangu mbali, akija kwa miguu, mkono mmoja umeshika kiuno. Alitamani kutazama kwingine. Mwendo ule aliujua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

Mama alilia kidogo, akacheka, akaleta kiti chenye mto, akaleta soda. Kijana alikaa kwa uangalifu kama wanavyokaa madereva, kiuno kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na usingizi. Alionyesha picha ya mtoto kwenye simu, ikazunguka, ikarudi. Breki akaenda kibandani, akarudi na lori, akaliweka mezani karibu na chupa.

Kijana alilitazama. Hakuligusa.

"Siyo hili."

"Ndilo."

"La kwangu lilikuwa na kizibo. Na mlangoni nilikuwa nimechora."

"Nilikitoa," Breki akasema. "Nilidhani ni uchafu. Na mlango niliupiga msasa. Nimeliharibu kwa kulitengeneza."

Alilipindua, akamwonyesha bampa. Kijana akasogeza kichwa. Alitia ncha ya kidole kidogo kwenye tundu, akakizungusha hadi kwenye ule upande uliolika, na kikatulia pale. Barazani mguu wa mama uliacha pedeli. Breki alijikuta anafanya alichozoea kufanya maisha yake yote ya getini: anangoja.

"Una nyundo?" kijana akauliza mwishowe.

Alifungua soda, kizibo akakiweka kwenye ngazi ya saruji, akakitoboa katikati kwa pigo moja la msumari. Mikono yake haikutafuta njia. Breki aliishika ekseli kwa koleo, kijana akakunja vidole vya bati, na walipofika cha mwisho kikakatika, kikadondoka miguuni mwao. Wote wawili wakakiangalia.

"Kilikuwa kimechoka hicho," Breki akasema. "Kimekunjwa mara nyingi."

"Tutafunga waya."

"Kiwandani hawakufunga waya."

"Watu wa kiwandani hawapo hapa, baba."

Breki akaenda kuleta waya.

Hawakuzungumza mengi zaidi ya hayo, na waliyozungumza yalikuwa ya kazi. Kijana alisema njia imekuwa mbaya, siku nyingi analala ndani ya lori, na kiuno kimeanza kumsemesha. Baba akamwambia akunje taulo aliweke mgongoni kwa chini, na akishuka ashuke kinyumenyume, uso uelekee lori, asiruke. Kijana akasema anajua. Halafu akasema taulo hakulijua.

Walimsindikiza hadi kwenye lori. Alipanda, akaliweka lile dogo juu ya dashibodi, gurudumu la kizibo likitazama kioo. Breki alibaki chini, mkono juu ya mlango uliokuwa na joto la jua. Injini ikawaka. Alikuwa na neno, na alijua asipolisema sasa litapitia tena kwa mama.

"Ukifika, usiliweke mezani ukalala," akasema. "Kaa nalo mpaka aamke."

Kijana alitazama barabara. Akaingiza gia, akaitoa.

"Nitajaribu," akasema. Kisha, akiwa bado anatazama mbele, "Nitalirudisha uliangalie. Kizibo hakidumu."

Likaondoka. Mwisho wa mtaa kuna mteremko, na Breki alitambua kwa sauti ya injini: gia nzito, mguu uko kwenye breki. Alisimama pale mpaka akawa hasikii tena, na watoto wakarudi kucheza njiani.

Tangu siku ile simu zimebadilika kidogo. Mama akisema baba yako anakusalimu, sauti ya upande wa pili inasema mpe. Wanaongea habari za matairi. Wanaongea habari za mtoto, ambaye amekwisha kusimama, anavuta lori kwa kamba na hataki mtu mwingine alishike. Kuhusu kuja, kijana anasema mwezi ujao, kisha mzigo unatokea upande mwingine, kisha anasema mwezi ujao. Breki hamlaumu. Sentensi zile zote aliwahi kuzisema yeye.

Juzi mpwa alipita kibandani kama kawaida yake. Sasa ni msichana wa madarasa ya mwisho ya sekondari, anayeinamisha kichwa asigonge kizingiti cha juu cha mlango. Alimkuta mjomba ndiyo kwanza ametoka getini, miguu iko ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, lori la Kutu limefunguliwa mezani vipande vipande. Hakuwa akifanya kazi. Mikono ilikuwa imelala kando ya bisibisi. Rafuni malori ya kijani na nyekundu yalikuwa manne, na kati ya la tatu na la mwisho kulikuwa na nafasi ambayo hakuiwekea kitu kingine, ingawa mengine yamebanana mpaka yanapandana.

Msichana alichukua kipande cha msasa dirishani, kile laini, akampa bila kuombwa. Breki akakipokea, akakigeuza, akakitazama.

"Uliwahi kuniuliza kama sijachoka na malori," akasema.

Msichana akasema ndiyo, zamani, hata mwenyewe alikuwa amesahau.

"Nimechoka, mama. Nimechoka nayo tangu hujazaliwa." Akaokota mlango mdogo wa bati, akaupuliza vumbi. "Lakini kuna moja halijarudi."